Harriet Powers: Mtunzi Aliyeandika kwa Sindano

Miongoni mwa hazina za Jumba la Kitaifa la Makumbusho ya Historia ya Marekani, mjini Washington, umo mfarishi mmoja wa pamba uliochujuka rangi kwa uzee. Mfarishi ni tandiko la kitandani lenye matabaka matatu: kitambaa cha juu, pamba ya kujazia katikati, na kitambaa cha chini, yote yakiwa yameshikizwa pamoja kwa mishono ipitayo kutoka upande mmoja hadi wa pili. Huu wa Washington una upana wa sentimita 227 na urefu wa sentimita 191 hivi. Juu yake zimo picha 11 za masimulizi ya Biblia, na vipande vya kitambaa vilivyotumiwa kuziunda vinakaribia 300. Aliyeushona alizaliwa mtumwa. Aliuuza kwa dola tano. Kwa muda wa karne nzima baada ya hapo, waliouandika wasifu wake walikubaliana kwamba hakujua kusoma wala kuandika, na katika hilo walikosea.

Harriet Powers alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1837 katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, si mbali na mji wa Athens. Utoto wake aliupitishia katika shamba la familia ya Lester, kaunti ya Madison. Hapo ndipo yamkini alipojifunza kushona, ama kwa wanawake watumwa wenziwe, ama kwa bibi wa shamba. Katika mashamba ya kusini, kazi ya sindano ilikuwa na nyuso mbili. Mchana mtumwa alishona mavazi na matandiko ya bwana wake, mara nyingi kwa kitambaa kizuri na kwa ruwaza zilizochaguliwa na wenye nyumba. Usiku alikusanya vipande vilivyosalia, magunia na nguo kuukuu, akawashonea wanawe kitu cha kujifunikia wakati wa kipupwe. Matandiko ya mchana yalitunzwa masandukuni na kurithishwa, na ndiyo sababu machache kati yake yangalipo. Yale ya usiku yalifunikiwa, yakafuliwa, yakararuka, yakatiwa viraka, hatimaye yakaisha. Mtafiti anayetaka kuchunguza sanaa ya watumwa hukumbana na tatizo hili tangu mwanzo: kazi zilizodumu ni zile ambazo watumwa walikuwa na usemi mdogo zaidi juu yake.

Mnamo 1855, akiwa na umri wa miaka 18, aliolewa na Armstead Powers. Walijaliwa watoto wasiopungua tisa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, Harriet alikuwa amekaribia miaka 28, huru kwa mara ya kwanza, na bila mali. Kumbukumbu za sensa ya 1870 zinamtaja Armstead kama mtu wa kazi za shamba, naye Harriet kama mama wa nyumbani. Polepole hali ikatengenea. Kufikia miaka ya 1880 walikuwa wamejipatia ekari nne za ardhi, jambo ambalo si dogo kwa watu waliokuwa wenyewe wakihesabiwa kuwa mali miaka ishirini tu kabla ya hapo.

Mwaka 1886 Harriet aliupeleka mfarishi wake kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens. Ukatundikwa pamoja na mazao na kazi za mikono za wakulima. Hapo ndipo ulipoonwa na Jennie Smith, mwanamke mzungu, mchoraji, na mwalimu wa sanaa katika shule ya wasichana ya Lucy Cobb mjini humo. Smith alikuwa ameishi kusini maisha yake yote na aliijua mitindo mingi ya mifarishi, lakini yote ilikuwa ya maumbo yale yale ya kurithiana: nyota, miraba, mashada. Hakuwahi kuona viumbe hai vimeshonwa kwa ubunifu wa mshonaji mwenyewe. Akamtafuta mwenye mfarishi, akataka kuununua. Harriet akakataa katakata, wala hakutaja bei.

Miaka minne au mitano baadaye, hali ya familia ikawa imebadilika. Bei ya pamba ilikuwa ikishuka, na katika miaka ya 1890 akina Powers walilazimika kuiuza ardhi yao sehemu baada ya sehemu. Harriet akampelekea Smith habari kwamba sasa yuko tayari kuuza. Safari hii Smith ndiye aliyekosa fedha. Muda ukapita, naye Smith akatuma ujumbe kwamba ataununua. Harriet akafika kwa mkokoteni wa kukokotwa na ng'ombe, mzigo wake akiwa ameufunga vizuri ndani ya gunia. Alitaka dola kumi. Smith akasema hana zaidi ya tano. Harriet akarudi nje kushauriana na mumewe, ambaye alimshauri akubali kwa kuwa shida ilikuwa imewabana. Akakubali. Kabla ya kuondoka alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, moja baada ya nyingine, naye Smith akayaandika. Smith aliahidi kumwekea mabaki ya vitambaa. Baada ya hapo Harriet alirudi nyumbani kwa Smith mara kadhaa ili kuutazama tena mfarishi wake.

Ziara hizo zastahili kuzingatiwa. Mtu harudi kuangalia blanketi. Anayerudi mara kwa mara kuangalia kitu alichokitengeneza, baada ya kukiuza kwa nusu ya bei aliyoitaka, anakihesabu kuwa utungo wake.

Naam, ni utungo. Picha zinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia katika safu tatu. Inaanza bustani ya Edeni, Adamu na Hawa wakiwapa wanyama majina, naye nyoka akimshawishi Hawa. Katika picha hiyo mnyama aliyeshonewa miguu ni yule yule asiye nayo leo, yaani nyoka. Kwa msomaji wa kitabu cha Mwanzo mzaha huo una mashiko, maana nyoka aliamriwa kutambaa kwa tumbo baada ya kosa, si kabla. Kisha Hawa na mwanawe. Shetani katikati ya nyota saba. Kaini akimuua Abeli. Kaini akienda nchi ya Nodi kutafuta mke, nchi iliyojaa wanyama wakubwa kupita kiasi, katikati yao simba wa rangi ya machungwa aliyetokeza jino moja jeupe. Inafuata ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Kristo, kusulubiwa, Yuda Iskariote na vipande vyake thelathini vya fedha, Karamu ya Mwisho, na hatimaye Familia Takatifu. Fedha ya Yuda imeshonwa kwa kitambaa cha kijani. Penye miguu yake ipo duara kubwa ambayo, kwa maelezo ya Harriet, ni nyota iliyoonekana mwaka 1886 baada ya kutoonekana kwa miaka mia tatu. Kwa njia hiyo usaliti wa Yerusalemu na anga la Georgia viliwekwa katika mraba mmoja.

Mbinu aliyoitumia ni ya kukata kitambaa kwa umbo la mtu, mnyama, jua au nyota, kisha kulishonea umbo hilo juu ya kitambaa cha usuli. Alishona kwa mkono na pia kwa cherehani. Wasomi kadhaa wa karne ya 20 waliilinganisha mbinu hii na vitambaa vya watu wa Fon vya Abomey, katika ufalme wa zamani wa Dahomey, ambamo wafalme walitajwa kwa ishara za wanyama zilizoshonewa juu ya kitambaa. Ufanano huo upo na unavutia. Hata hivyo, mafundi wa Abomey walikuwa wanaume waliotumikia makao ya mfalme, na Wamarekani wenye asili ya Ulaya nao walikuwa na desturi yao ya kushonea maumbo juu ya kitambaa. Harriet mwenyewe hakuacha neno lolote kuhusu Dahomey. Dai kwamba mikono yake ilikumbuka Afrika ni tamu masikioni, hususan mwa Mwafrika, lakini utamu wa dai si ushahidi wake. Uga huu wa utafiti wa mifarishi umewahi kuponzwa na utamu wa aina hiyo. Mwaka 1999 kilichapishwa kitabu kilichodai kwamba mifarishi ilitumika kama msimbo wa siri wa kuwaelekeza watumwa waliotoroka. Habari hiyo ikaingia madarasani kote Marekani, ilhali wanahistoria wengi waliikosoa kwa kuwa ilitegemea simulizi la familia moja, bila mfarishi wowote wa wakati huo kuithibitisha.

Mwaka 1895 Smith aliupeleka mfarishi aliounua kwenye maonyesho makubwa ya majimbo ya pamba mjini Atlanta, yale yale ambamo Booker T. Washington alitoa hotuba yake mashuhuri. Ukatundikwa katika jengo lililotengwa kwa ajili ya kazi za watu weusi. Inasemekana kwamba ni hapo wake wa wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Atlanta walipouona, wakamwagiza Harriet awashonee mwingine. Iwe ni hivyo au la, mfarishi wa pili ulikuwepo kufikia 1898, mwaka ambao alitunukiwa mchungaji Charles Cuthbert Hall wa New York, mmoja wa wadhamini wa chuo hicho. Kupitia kwa mwanawe ulimfikia mkusanyaji wa sanaa Maxim Karolik, na mwaka 1964 ukaingia katika Jumba la Sanaa la Boston, ambako unaitwa Mfarishi wa Picha.

Huu wa pili una picha 15, na ndio unaompa mwanafunzi wa fasihi simulizi kazi nyingi zaidi. Ayubu, Musa na nyoka wa shaba, Yona, Yohana akimbatiza Kristo, malaika wa ghadhabu na vitasa saba: hao wote wamo. Lakini kando yao zimo habari ambazo hazimo katika Biblia yoyote. Ipo ile siku ya giza ya tarehe 19 Mei 1780, ambapo anga la kaskazini mashariki mwa Marekani lilitiwa weusi mchana kwa moshi wa misitu iliyoungua. Upo usiku wa tarehe 13 Novemba 1833, vimondo viliponyesha angani, watu wakadhani kiyama kimefika, na mkono wa Mungu ukazizuia nyota. Upo usiku wa mwanga mwekundu wa 1846, mtu akipiga kengele kuwaamsha majirani. Ipo Alhamisi ya baridi kali ya mwezi Februari 1895: mwanamke aliyeganda akisali, mlevi aliyeganda penye mtungi wake wa pombe, na nyumbu ambaye pumzi yake imekuwa barafu. Wapo matajiri wawili wa Virginia, mwanamume na mwanamke, ambao hawakufundishwa habari za Mungu. Waliwaagiza wazazi wao wasimamishe saa, na saa hiyo iliyosimamishwa ikagonga kutangaza kwamba wamekwisha kuingia katika adhabu ya milele. Na katikati ya mambo hayo mazito anakimbia nguruwe jike aitwaye Betts, aliyetoka Georgia hadi Virginia, mwendo wa maili 500.

Harriet alizaliwa miaka minne baada ya usiku wa vimondo na miaka 57 baada ya siku ya giza. Usiku wa 1846 aliweza kuuona, maana alikuwa akikaribia miaka tisa. Hayo mengine ya kale aliyapokea kwa masikio, kutoka kwa watu ambao kwao tarehe hizo zilikuwa alama za kuhesabia umri na misiba, kama vile wazee wa huku wanavyohesabu kwa mwaka wa nzige au wa njaa fulani. Kwa kuyaweka katika safu moja na Ayubu na Yona, alitoa hukumu ya kitheolojia: kwamba Mungu aliyetenda katika Maandiko hajaacha kutenda, na kwamba yaliyowapata watu wa kawaida wa kusini yanastahili kuhesabiwa pamoja na yaliyowapata manabii. Kuhusu Betts, baadhi ya wahakiki wamemsoma kama ishara ya mtumwa atorokaye kuelekea kaskazini. Usomaji huo wawezekana. Ikumbukwe tu kwamba Harriet, alipomweleza nguruwe huyo, alitaja umbali wa safari yake na jina lake.

Ipo picha yake moja ya kamera, iliyopigwa yapata 1897. Amesimama wima, amevaa aproni iliyoshonewa maumbo yafananayo na yale ya mifarishi yake. Uso hautabasamu. Kufikia wakati huo Armstead alikuwa ameondoka shambani, naye Harriet akabaki akijikimu, ikiwemo kwa ushonaji. Alifariki tarehe 1 Januari 1910, akazikwa katika makaburi ya watu weusi ya Gospel Pilgrim, mjini Athens. Makaburi hayo yalimezwa na msitu. Vitabu viliendelea kuandika kwamba alikufa 1911, hadi Januari 2005 jiwe la kaburi lake lilipopatikana kati ya vichaka, likiwa na majina yake na mumewe.

Jennie Smith aliishi hadi 1946. Mfarishi wa kwanza ulipitia kwa msimamizi wa mirathi yake, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ukatolewa zawadi kwa taasisi ya Smithsonian. Mwaka 1976 mtafiti wa ngano na mila, Gladys-Marie Fry, alichapisha uchunguzi wake kuhusu maisha ya Harriet, uliojengwa juu ya daftari za sensa, za kodi na za ardhi. Bila kazi hiyo jina la Harriet huenda lingebaki maelezo ya mstari mmoja kwenye kadi ya makumbusho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Smithsonian iliruhusu nakala za mfarishi huo zitengenezwe nchini China na kuuzwa madukani, washonaji wa Marekani wakapinga vikali, na taasisi ikalazimika kuketi nao. Kazi iliyolipiwa dola tano ilikuwa sasa inauzwa kwa wingi, na mwenyewe alikuwa amelala chini ya vichaka.

Yote yaliyojulikana kuhusu nia yake, hadi wakati huo, yalitoka katika kalamu za watu wengine. Maelezo ya picha za mfarishi wa kwanza ni maneno ya Smith, ambaye kwa desturi ya tabaka lake aliichanganya heshima na kicheko, na pale alipomnukuu Harriet aliyapotoa matamshi yake ili wasomaji wachekelee. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kwenda nyanjani kukusanya hadithi anaijua hatari hiyo: fanani husimulia, mkusanyaji huandika, na kitabu hubeba jina la mkusanyaji. Katika hali ya Harriet hatari iliongezeka maradufu kwa sababu kila mtu alichukulia kwamba mwanamke aliyezaliwa mtumwa Georgia, ambako sheria ya 1829 ilikataza watu weusi wasifundishwe kusoma, hangeweza kuwa vinginevyo ila asiyejua herufi. Hakuna aliyelithibitisha. Lilinakiliwa tu kutoka andiko moja hadi jingine. Likazaa na nadharia yake: kwamba alishona kwa sababu hakuweza kuandika, na kwamba Biblia aliijua kwa kusikia mahubiri pekee.

Mwaka 2009 mtafiti na mshonaji Kyra Hicks alichapisha kitabu kuhusu Harriet, na ndani yake nakala ya barua ya Januari 1896. Ilipelekwa kwa Lorene Diver, mwanamke wa mji wa Keokuk, jimbo la Iowa, aliyekuwa amevutiwa na mfarishi ulioonyeshwa Atlanta. Aliyeiandika ni Harriet Powers. Anaeleza kwamba alijifunza kusoma tangu utumwani, kwa msaada wa watoto wa Wazungu. Anaeleza kwamba Maandiko aliyasoma mwenyewe. Anataja mifarishi mingine: mmoja wa mwaka 1872 wenye vipande zaidi ya elfu nne vya umbo la almasi, na mwingine wa Karamu ya Bwana, alioutunga baada ya kujiunga na kanisa la Kibaptisti mwaka 1882. Tarehe na hesabu za vipande amezipanga kama mtu anayetoa orodha ya kazi zake.

Barua hiyo haifuti nafasi ya simulizi. Nyota za 1833 na nguruwe Betts hazikutoka katika Biblia iliyochapishwa, na mahubiri bila shaka yalimjenga. Inachofuta ni ule mgawanyo rahisi unaomweka anayejua herufi upande mmoja na anayesimulia upande mwingine, na kuamua mapema nani ni wa wapi. Yule nyoka mwenye miguu, ambaye Smith alimwona kama kosa la kuchekesha, sasa anaonekana kuwa kazi ya mtu aliyeisoma sura ya tatu ya Mwanzo kwa makini kuliko mnunuzi wake. Wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki huvaa maandishi kwenye leso na kuyaacha yaseme wasichotaka kukitamka. Harriet, aliyekuwa na maandishi, hakushona hata neno moja kwenye mifarishi yote miwili. Huo ulikuwa uamuzi wa kisanaa, na wahakiki waliomdhani hajui kuandika hawakuwa na njia ya kuuona kama uamuzi.

Mifarishi hiyo miwili iliwekwa katika ukumbi mmoja kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba 2021, katika maonyesho ya mifarishi ya Marekani kwenye Jumba la Sanaa la Boston, miaka 111 baada ya kifo chake. Ule wa 1872 na ule wa Karamu ya Bwana bado haijapatikana.